Tani ya Kaboni na Gunia la Mahindi

Biashara ya fidia ya kaboni inayotokana na mashamba ya chakula imesimama juu ya wazo ambalo ni rahisi kulieleza na gumu kulithibitisha. Mkulima anayerudisha mabua na samadi shambani, akapanda miti ya kurutubisha udongo kati ya mistari ya mahindi, na akapunguza kuipindua ardhi kwa jembe au plau, huhifadhi udongoni sehemu ya kaboni ambayo vinginevyo ingekuwa hewani. Sehemu hiyo hukadiriwa, ikakaguliwa, ikaandikwa katika hati, kisha hati ikauzwa kwa kampuni au taasisi iliyo mbali, ambayo nayo huitumia kupunguza, katika vitabu vyake, kiasi cha moshi inachokiri kuwa imekitoa. Hati moja huwakilisha tani moja ya hewa ukaa, yaani ile gesi itokanayo na kuungua kwa mafuta, makaa ya mawe na kuni, ambayo pamoja na gesi joto nyingine ndiyo inayoongeza joto la dunia. Mnunuzi halazimiki kuzima tanuri lolote. Analolipia ni ruhusa ya kudai kwamba alichokitoa kwake kimefutwa na kazi ya mtu mwingine kwingineko.

Dai hilo la mwisho ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu mengine yote katika mpango huu yana sifa njema. Hakuna mtaalamu wa kilimo atakayepinga samadi, wala atakayewashauri wakulima wachome mabua. Udongo wenye mboji hushika maji wakati wa kiangazi, hukubali mbolea, na hauchukuliwi ovyo na mvua ya kwanza. Hoja ya makala haya ni kwamba faida iliyoonekana wazi katika mashamba ya wakulima wadogo ilitokana na mafunzo ya ugani na mavuno yaliyoongezeka, si na hati, na kwamba kumbebesha mkulima mwenye eka mbili jukumu la kufuta moshi wa kiwanda ni kumwuzia mnunuzi kitu ambacho udongo hauwezi kukidhamini.

Mmea huvuta hewa ukaa kutoka angani na, kwa nguvu ya jua, huigeuza kuwa sukari, majani, mabua na mizizi, tendo linaloitwa usanisinuru. Mmea unapokufa, vijidudu vya udongoni hula mabaki yake, na sehemu kubwa ya kaboni iliyomo hurudi angani kwa pumzi ya vijidudu hivyo ndani ya mwaka mmoja au miwili, hasa katika nchi za joto na mvua ambako vitu huoza haraka. Sehemu ndogo tu hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi au husalia kama mboji, na hiyo ndiyo kaboni ya udongo. Kila tani yake ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa, kwa kuwa ikiwa angani kila atomi ya kaboni huambatana na atomi mbili za oksijeni zilizo nzito kuliko yenyewe. Akiba hii haitulii: kila msimu huingia kaboni mpya na kutoka ya zamani, na kinachobaki hutegemea ni upande upi umezidi. Mkulima akiacha kuulisha udongo kwa misimu michache, au shamba lililopumzishwa likirudiwa kwa trekta, kinachotoka huzidi kinachoingia, na kilichokusanywa kwa miaka mingi huanza kupotea.

Wazo la kumlipa mkulima kwa kaboni ya shambani halikuzaliwa Afrika. Mwaka 2003 lilifunguliwa nchini Marekani soko lililoitwa Chicago Climate Exchange, ambamo kampuni zilijiunga kwa hiari na kununua hati zilizotokana, pamoja na mambo mengine, na mashamba yaliyoachwa bila kupigwa plau. Katikati ya mwaka 2008 tani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 7. Kufikia mwaka 2010, ilipodhihirika kwamba Bunge la Marekani halitapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kununua, bei ilishuka hadi senti chache, na mwishoni mwa mwaka huo biashara ikafungwa. Mashamba yalikuwa yaleyale na udongo uleule. Kilichoanguka ni matarajio ya watu waliokuwa Washington, na somo hilo lingefaa kusomwa kwa makini na kila anayeuza bidhaa ambayo haja yake haitokani na njaa wala kiu ya mtu, ila inatokana na kanuni iliyoandikwa au inayotarajiwa kuandikwa.

Kwa upande wa mataifa, utaratibu wa Itifaki ya Kyoto ulioruhusu nchi tajiri kununua punguzo la gesi joto kutoka nchi maskini uliikubali miti mipya lakini ukaiacha nje kaboni ya udongo wa mashamba, kwa hofu kwamba haipimiki vizuri na haidumu. Udongo ukabaki na soko la hiari, yaani lile la kampuni zinazonunua bila kulazimishwa na sheria yoyote, kwa ajili ya jina jema mbele ya wateja na wawekezaji.

Ni katika soko hilo la hiari ambamo Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa Kenya uliingia. Mradi ulianza mwaka 2009 katika maeneo ya Kisumu na Kitale, ukiendeshwa na shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry, ambalo lilikuwa limepanda miti magharibi mwa Kenya tangu mwaka 1983, na mnunuzi akiwa ni BioCarbon Fund, mfuko unaosimamiwa na Benki ya Dunia. Mkataba wa ununuzi ulitiwa saini Novemba 2010 mjini The Hague. Lengo lilikuwa kuwafikia wakulima 60,000 katika hekta 45,000, wengi wao wakilima mahindi na maharagwe. Mbinu ya kuhesabu kaboni yao iliidhinishwa mwaka 2011 chini ya kiwango cha Verified Carbon Standard, ambacho leo husimamiwa na shirika la Verra la Marekani, na Januari 2014 zikatangazwa hati za kwanza, zenye jumla ya tani 24,788 za hewa ukaa. Habari hiyo ilisambaa kama ushindi wa mkulima mdogo, na kwa maana moja ulikuwa ushindi, maana haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa mbinu ile.

Hesabu, hata hivyo, hazina haya. Tani hizo zikigawanywa kwa wakulima wote waliolengwa, kila mmoja hupata chini ya nusu tani kwa kipindi chote kilichokaguliwa. Na hata ikichukuliwa kwamba ni nusu tu ya wakulima walioingizwa katika ukaguzi huo wa kwanza, fungu la kila mmoja bado halifiki tani moja. Benki ya Dunia yenyewe ilitangaza wakati wa kutia saini kwamba faida ya moja kwa moja kwa jamii ingezidi dola 350,000. Kwa wakulima 60,000 kiasi hicho ni kama dola 6 kwa kila mtu, yaani chini ya shilingi 500 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule, na si kwa msimu mmoja bali kwa muda wote wa mkataba, uliokuwa ufike mwaka 2016. Ikigawanywa kwa miaka, fedha hiyo hainunui hata nusu ya pakiti ya kilo 2 ya mbegu bora ya mahindi. Waendeshaji wa mradi, kwa haki yao, hawakulificha jambo hili. Fedha za kaboni zilipitia kwenye vikundi badala ya kumfikia mtu mmoja mmoja, na wakulima walielezwa kwamba faida kubwa ingekuwa shambani, ile ya hatini ikiwa kama nyongeza.

Faida ya shambani ilikuwapo. Taarifa za mradi zilieleza kwamba mavuno ya mahindi yaliongezeka, na hakuna sababu ya kulishuku jambo hilo, kwa kuwa wakulima walifundishwa kutengeneza mboji, kuchimba makinga maji kwenye miteremko, kupanda sesbania na kaliandra kwa ajili ya naitrojeni na kuni, na kuweka akiba katika vikundi vyao. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini mafunzo ya namna hiyo yalihitaji kuja kwa mlango wa kaboni. Jibu liko katika historia ya miaka ya 1980 na 1990, wakati masharti ya marekebisho ya uchumi yalipozitaka serikali za Afrika kupunguza matumizi na wafanyakazi, na bwana shamba aliyekuwa akipita kijijini kwa baiskeli au pikipiki akastaafu bila kuachiwa mrithi. Pengo lile ndilo lililokuja kujazwa na miradi, kila mmoja na sababu yake ya kuwapo, na mradi wa kaboni ulipofika, ulimkuta mkulima ambaye kwa miaka mingi hakuwa na wa kumwuliza kuhusu kiduha kinachofyonza mizizi ya mahindi yake. Kwa maneno mengine, kaboni ililipa mshahara wa bwana shamba. Ni jambo la heri, lakini si ushahidi kwamba tani ipo.

Ugumu wa kaboni ya shamba huonekana vizuri zaidi mtu akifuatilia kitu kimoja tu, nacho ni bua la mahindi. Baada ya mavuno ya masika, shamba hubaki na mabua ambayo uzito wake, yakikauka, haupungui sana uzito wa nafaka yenyewe, na mara nyingi huuzidi. Katika karatasi za mradi mabua hayo ni matandazo, yaani kifuniko cha kuukinga udongo na jua kali na matone ya mvua. Pale nyumbani yana wadai wengi zaidi: ng'ombe wa maziwa aliyefungwa zizini hulishwa kwayo mpaka majani mabichi yaote tena, moto wa jioni huwashwa kwayo pale kuni zinapoadimika, na jirani asiye na malisho huja kuomba mzigo ambao ni vigumu kumnyima. Ng'ombe akiyala, sehemu ya kaboni hurudi shambani kama samadi, lakini tumboni mwake hutoka pia methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 nguvu yake ya kuongeza joto ni takriban mara 27 ya ile ya hewa ukaa. Ikichukuliwa hekta iliyotoa tani 1.5 za mabua makavu, kaboni iliyomo haizidi tani 0.7; na ikikadiriwa kwamba sehemu moja ya kumi ndiyo hubaki udongoni baada ya kuoza, kinachosalia ni kama kilo 70 za kaboni, sawa na robo tani ya hewa ukaa, na hiyo ni endapo hakuna ng'ombe wala jiko lililoonja hata bua moja. Mkulima wa wastani katika mradi huu hana hata hekta nzima.

Kupima nako kuna mashaka yake. Tabaka la juu la udongo, lenye kina cha sentimita 30, katika hekta moja lina uzito wa karibu tani 4,000. Kaboni ikiwa ni asilimia 1.5 ya uzito huo, hekta ina takriban tani 60 za kaboni; na kilimo bora kikiongeza kilo 300 kwa mwaka, kiwango ambacho ni cha ukarimu, basi ile asilimia 1.5 itapanda na kuwa 1.5075 baada ya miezi 12. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa sampuli chache, hata maabara iwe bora namna gani, kwa sababu ndani ya shamba hilohilo udongo wa pale palipokuwa na zizi la babu, au pale kilipobomolewa kichuguu, unaweza kuwa na kaboni nyingi mno kuliko ule wa mteremkoni uliochujuliwa na mvua. Ili kuujua ukweli wa shamba moja ingelazimu kutoboa mashimo mengi, kupima pia msongamano wa udongo katika kila shimo, na kurudia kazi hiyo baada ya miaka mitano au kumi, kwa gharama ambayo ingezidi mara nyingi thamani ya hati yenyewe.

Ndiyo maana Mradi wa Kenya haukuweka msingi wake katika kupima udongo wa kila shamba, bali katika kuhesabu matendo. Wakulima na vikundi vyao waliandika ukubwa wa mashamba, aina ya mazao, mavuno, samadi iliyotiwa, mabaki yaliyoachwa na miti iliyopandwa, na takwimu hizo zikaingizwa katika modeli ya kompyuta iitwayo RothC, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, ambako majaribio ya mashamba yamekuwa yakiendelea tangu mwaka 1843. Modeli hiyo ni kazi ya kisayansi yenye heshima na imejaribiwa katika nchi nyingi. Hata hivyo inachotoa ni makisio ya wastani wa eneo pana, yakitegemea kile ambacho watu wamekumbuka kuandika, na hati inapofika sokoni huwa imekwisha kupoteza dalili zote za kuwa makisio: ina namba yake, ina tani moja kamili, na hulinganishwa sawa kwa sawa na tani ya moshi iliyopimwa kwa lita za mafuta ya ndege.

Majaribio ya muda mrefu yaliyofanywa katika udongo wa Kenya yanatia mashaka zaidi. Huko Kabete, karibu na Nairobi, shamba la majaribio limelimwa mahindi na maharagwe tangu mwaka 1976 kwa mchanganyiko mbalimbali wa mbolea, samadi na mabua. Baada ya takriban miaka 18 ilionekana kwamba kaboni ilikuwa imepungua katika vipande vyote, hata vile vilivyopewa samadi, mbolea na mabua kwa pamoja, ingawa hivyo vilipoteza kidogo kuliko vingine. Mwaka 2018 watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki walichapisha matokeo ya majaribio ya magharibi mwa Kenya, eneo lilelile la mradi wa kaboni, na mwelekeo ukawa huohuo: kilimo hifadhi, yaani kile cha kutopindua ardhi na kuifunika kwa matandazo, pamoja na matumizi mazuri ya mbolea na samadi, vilipunguza upotevu wa kaboni lakini kwa jumla havikuiongeza. Ardhi hizo zilikuwa msitu au kichaka kizito vizazi vichache vilivyopita, na bado zinaendelea kushuka kutoka katika utajiri ule wa zamani kuelekea hali ya chini ambayo hazijaifikia.

Mtetezi wa hati atajibu, na jibu lake si la kupuuzwa, kwamba kupunguza upotevu ni faida sawa na kuongeza akiba, maana katika hali zote mbili hewa ina hewa ukaa pungufu kuliko ambavyo ingekuwa. Hesabu za kaboni hutegemea hasa hoja hiyo: hulinganisha kilichotokea na kile kinachoitwa hali ya msingi, yaani yale ambayo yangetokea kama mradi usingekuwapo, na kuuza tofauti iliyopo kati ya mawili hayo. Tatizo ni kwamba hali ya msingi haionekani kwa macho. Hakuna anayeweza kulima shamba moja mara mbili katika msimu mmoja, mara ya kwanza akiwa amefundishwa na mara ya pili akiwa hajafundishwa, kisha alinganishe. Kila anayekisia kwamba bila mradi udongo ungeharibika sana hupata hati nyingi zaidi, na wote wanaokaa mezani wakati makisio yanafanywa, kuanzia mwendeshaji hadi mkaguzi anayelipwa na mwendeshaji huyo, hufaidika hati zinapokuwa nyingi. Huo ni mpangilio ambao ungelazimu tahadhari hata kama kila aliyehusika angekuwa mwaminifu kabisa, na kwa kiasi kikubwa ndio ulioitikisa imani ya wanunuzi mwaka 2023, baada ya vyombo vya habari vya Ulaya kuchapisha uchunguzi juu ya hati za misitu ya tropiki.

Lipo pia suala la muda, ambalo ndilo zito kuliko yote. Sehemu ya hewa ukaa inayotoka katika injini leo itakuwa bado angani baada ya miaka elfu kadhaa. Kaboni ya shamba, kwa upande wake, hukaa kwa hisani ya mwenye shamba na ya wakati: ukame wa miaka miwili mfululizo, ugonjwa unaomlazimu mtu kukodisha ardhi yake kwa mpanda miwa, kifo cha mzee na mgawanyo wa urithi, au bei ya unga inayomfanya kijana alime mpaka kwenye kingo za makinga maji, lolote kati ya hayo linatosha kuirudisha angani. Waandishi wa viwango wanalijua hilo, nao huagiza sehemu ya hati iwekwe kando katika fungu la akiba, ili litumike kufidia hasara ikitokea. Lakini fungu hilo nalo lina muda wake wa ufuatiliaji, na muda huo huhesabiwa kwa miongo, si kwa maelfu ya miaka. Kubadilishana kitu cha kudumu na kitu cha msimu kwa bei ya kimoja kwa kimoja ni jambo ambalo mchuuzi yeyote wa soko la Kibuye mjini Kisumu angelikataa papo hapo.

Suala la ardhi linaongeza utata. Magharibi mwa Kenya mashamba mengi yamesajiliwa kwa majina ya mababu waliokwisha kufariki, yanalimwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika hati miliki, na vipande kadhaa hukodishwa kwa msimu mmoja au miwili. Anayeweka matandazo leo anaweza asiwe yule atakayevuna mwakani, sembuse yule atakayehojiwa na mkaguzi baada ya miaka 20. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2023, imeweka kwamba miradi inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ulinzi huo umeambatanishwa na makubaliano ya maendeleo ya jamii, chombo kilichotungwa kwa ajili ya ardhi ya umma na ya jamii, hivyo mkulima mwenye kishamba chake binafsi hubaki akitegemea maneno ya mkataba alioutia saini, mara nyingi katika lugha asiyoisoma. Tanzania nayo ilitunga kanuni zake mwaka 2022 na kukipa Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, kazi ya kuratibu na kusajili. Nchi zote mbili zimechelewa kidogo kuliko wafanyabiashara, jambo ambalo si geni.

Hii si mara ya kwanza kwa udongo wa Afrika Mashariki kuwa shauri la watu wa mbali. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaona Wakamba kuwa wanaharibu nchi yao, ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga amri hiyo. Mwaka 1955 Waluguru wa Tanganyika waligoma kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa katika milima ya Uluguru, kukawa na ghasia, na mpango ukavunjika. Ila Machakos ilikuja kuwa na kisa cha pili, ambacho watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walikieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ukapungua, kwa sababu wakulima walichimba wenyewe, kwa vikundi vyao vya kazi, yale makinga maji ya fanya juu ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji. Walichimba wakati kahawa ilipoanza kuruhusiwa kwao, matunda na mboga vilipopata soko Nairobi, na barabara ilipofika. Hakuna aliyewalipa kwa tani. Shamba lilikuwa limeanza kulipa, na mteremko ukawa na thamani ya kulindwa.

Ushahidi huo una uzito kuliko ahadi za mkutano wowote, ukiwemo ule wa Sharm el-Sheikh wa Novemba 2022 ambapo ulizinduliwa mpango wa kuiwezesha Afrika kutoa hati milioni 300 kila mwaka ifikapo 2030. Idadi ya namna hiyo huanza na mahitaji ya wanunuzi na kuushukia udongo kutoka juu, ilhali Machakos mambo yalianzia shambani. Tena kuna hatari ya serikali kuuza kilicho chepesi kwanza: chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, tani iliyouzwa nje na kuhesabiwa na nchi ya mnunuzi haiwezi kuhesabiwa tena na nchi iliyoitoa, na Kenya, ambayo mwaka 2020 iliahidi kupunguza gesi joto zake kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikikuta imeuza mapunguzo ya bei rahisi ya mashambani italazimika kutimiza ahadi yake kwa yale ya gharama kubwa.

Kampuni inayotaka kweli kumsaidia mkulima wa Bungoma inaweza kufanya hivyo bila kudai kwamba moshi wake umefutwa. Ilipie mafunzo, miche, mitamba ya maziwa na matangi ya maji, kisha iandike katika taarifa yake ya mwaka kwamba ilichangia kiasi fulani cha fedha, na iandike moshi wake mahali pake bila kutoa chochote. Malipo yafuate kazi inayoonekana, kama makinga maji yaliyochimbwa au miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, na yatolewe kazi inapofanyika badala ya kungoja mkaguzi wa miaka mitano ijayo. Bei ambayo mnunuzi wa mwisho amelipa iandikwe katika mkataba, kwa Kiswahili, Kidholuo au Kibukusu, pamoja na kipengele cha kumruhusu mkulima ajitoe bila kudaiwa, kwa kuwa mtu aliyefiwa na mume au aliyekosa karo hawezi kuwa mateka wa kaboni aliyoiweka udongoni mwaka uliopita.

Hayo yakifanyika hati zitakuwa chache, na baadhi ya wafanyabiashara wa kati wataondoka. Bado kutahitajika watu wa kumfundisha mkulima, na serikali za Afrika zilikwisha kusema fedha yao itatoka wapi: mjini Maputo mwaka 2003 ziliahidi kuelekeza angalau asilimia 10 ya bajeti zao katika kilimo, ahadi ambayo nyingi kati ya serikali hizo hazijaitimiza hadi leo. Mshahara wa bwana shamba utafutwe kwanza huko, katika makadirio yanayosomwa bungeni kila Juni, kabla ya kwenda kuutafuta katika vitabu vya shirika la ndege la ng'ambo.